Usiache mbachao: Pambo la nyumba nalo ni zao la kiangazi

Kila mwaka fedha za pamba zinapoanza kuingia Migato, wachuuzi nao huingia. Hutoka Bariadi na miji ya mbali zaidi, wakapakia bidhaa kwenye pikipiki na magari madogo, wakafika mnadani mapema na kutandaza maturubai chini. Juu ya maturubai hayo kuna mikeka ya plastiki, maua ya plastiki, vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa mashine na picha za ukutani zenye maporomoko ya maji ya nchi za mbali. Kabla jua halijazama, sehemu ya jasho la msimu mzima imekwisha kurudi mjini.

Hakuna ubaya kupamba nyumba. Familia iliyoinama shambani tangu mvua za Novemba ina haki ya kuketi mahali pazuri. Tena kipindi cha baada ya mavuno ndicho cha wageni, posa na harusi, na hakuna mama anayependa mkwe akaribishwe kwenye sebule isiyo na kitu. Swali linalopaswa kuulizwa ni moja tu: pambo hilo lilipwe kwa kilo za pamba, au kwa mikono ambayo kuanzia Juni hadi Oktoba haina kazi kubwa ya shamba?

Hesabu yake si ngumu. Chukua mfano wa familia inayotumia shilingi 60,000 kwa mkeka wa plastiki, maua na vitambaa vya makochi. Mwaka 2019, bei elekezi ya pamba mbegu ilipokuwa shilingi 1,200 kwa kilo, mapambo hayo yaligharimu kilo 50 za pamba. Mwaka 2020 bei ilipotangazwa kuwa shilingi 810, mapambo yaleyale yangemeza kilo 74. Kwa mkulima anayevuna kilo 250 katika ekari moja, hiyo ni karibu asilimia 30 ya mavuno ya ekari: kulima, kupanda, kupalilia, kupiga dawa na kuchuma, ili sebule ipate maua yasiyonyauka.

Na maua hayo, ingawa hayanyauki, hupauka kwa vumbi na jua. Msimu unaofuata hununuliwa mengine. Bei ya pamba hupanda na kushuka, lakini hamu ya nyumba nzuri haishuki. Ndiyo maana mwaka wa bei mbaya pambo la dukani huwa ghali zaidi kwa mkulima, hata kama muuzaji hajapandisha bei kwa shilingi moja.

Wasukuma hawakuhitaji mtu wa kuwafundisha kupamba msimu wa mavuno. Sherehe ya Bulabo, inayofanyika mwezi Juni huko Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, imebeba jina lenye maana ya maua. Hapohapo Bujora ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma, yaliyotokana na kazi ya Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, ambamo vyombo vya asili vya nyumbani vimehifadhiwa. Miongoni mwa fahari za ufundi wa wanawake wa Kisukuma ni isonzo, bakuli la nyasi linalosukwa kwa kukazwa hadi likaweza kubeba pombe bila kuvuja, na kutiwa nakshi za rangi pande zote.

Ni jambo jema chombo kama hicho kuwekwa makumbusho. Ni jambo la hatari kikibaki huko tu. Bibi anayejua kusuka isonzo akiondoka kabla mjukuu hajajifunza, kijiji kimepoteza mtaji ambao hakuna benki itakayoukopesha tena.

Wapo wanaoona kusuka na kutia nakshi ni kupoteza muda. Hoja hiyo ina ukweli nusu, na nusu hiyo iko kwenye kalenda. Tuseme kikapu kizuri kinachukua alasiri tano, kinauzwa shilingi 15,000, na rangi zake zimegharimu shilingi 2,000. Kinachobaki ni shilingi 13,000, yaani shilingi 2,600 kwa kila alasiri. Mwezi Januari, palizi ikiwa imepamba moto na kibarua cha jembe kinalipa zaidi ya hapo, anayeketi kusuka anajitia hasara, na magugu shambani yanamwongezea nyingine.

Lakini mwezi Agosti hakuna palizi. Hakuna anayeita vibarua wa jembe. Alasiri ambayo isingeingiza hata shilingi moja sasa inaingiza 2,600, au inaokoa fedha ambazo zingetoka mfukoni. Kazi ni ileile na mikono ni ileile, ila thamani ya muda imebadilika pamoja na msimu. Mkulima anayelijua hili hawezi kuwa na ugomvi kati ya jembe na sindano ya kusukia. Kila kimoja kina miezi yake.

Ni kweli kwamba kiangazi si likizo kwa mwanamke. Visima vikikauka, maji huwa mbali zaidi, na kuni vilevile. Kwa sababu hiyo kazi hii haifai kuwa mzigo mwingine juu ya kichwa cha mama. Kijana wa kiume anaweza kusokota kamba za katani, kuchonga vigoda na kukata nyasi. Baba anaweza kusiriba ukuta na kuupaka udongo mweupe. Nyumba ni ya wote, na pambo lake liwe la wote.

Vifaa vyenyewe vimejaa kijijini. Vibuyu huota pembezoni mwa mashamba, na mbegu zake hazina gharama. Kibuyu huachwa kikomae hadi kikonyo kikauke, kisha hutundikwa kivulini kwa wiki kadhaa mpaka mbegu zisikike zikicheza ndani. Hapo hukatwa mdomo, hutolewa mbegu, hulowekwa maji yanayobadilishwa kila siku ili kuondoa uchungu, halafu hukaushwa tena. Ncha ya msumari uliopashwa moto huchora nakshi, na mafuta kidogo ya alizeti hukipa ngozi mng'aro. Kibuyu kimoja kinaweza kuwa chombo cha maua, kata ya maji au kifuniko cha taa.

Masuke ya mtama na uwele ni pambo jingine lisilohitaji fedha. Fungu la masuke likiwekwa kwenye chungu cha udongo hupendeza sebuleni kuliko ua lolote la plastiki. Sharti ni mawili. La kwanza, yatumike masuke yaliyokwisha kupurwa, kwa kuwa chakula si cha kuchezea mkoani ambako mvua haiaminiki. La pili, yaanikwe juani yakauke kabisa, vinginevyo yataingiza wadudu ndani ya nyumba na kuwafikisha kwenye ghala la nafaka.

Vipande vya vitenge na kanga vinavyoanguka chini ya cherehani za mafundi navyo ni mali. Vikishonwa pamoja hutoa foronya, na vikisokotwa na kufungwa hutoa zulia dogo la mlangoni. Makaratasi ya rangi yaliyotumika hukatwa na watoto kuwa mapambo ya Idi na Krismasi. Hapa mfanyabiashara mdogo ana nafasi yake: fundi anayekusanya vipande hivyo na kuviuza kwa fungu amepata bidhaa kutokana na takataka.

Kuna kitu kimoja ambacho hakifai kabisa kuingizwa ndani kama pambo, nacho ni mabua ya pamba yenye vitumba. Katika nchi nyingine matawi ya pamba huuzwa kwa ajili ya kupamba meza, na mtu anaweza kushawishika kuiga. Mkulima wa pamba asithubutu. Mabua na masalia ya pamba hutakiwa kung'olewa na kuchomwa baada ya mavuno ili kukata maisha ya funza mwekundu kabla ya msimu mpya. Tawi moja lililosahauliwa juu ya kabati linaweza kuwatunza wadudu hadi mvua zirudi, na hasara yake ikasambaa hadi kwa majirani wote.

Nyasi nazo zina hesabu yake. Zikiachwa hadi Septemba huwa zimeliwa na mifugo au zimeteketea kwa moto. Anayetaka kusuka hana budi kuzikata mapema, zingali ndefu na laini, na kuzihifadhi. Ngitili, yaani maeneo ambayo Wasukuma huyafunga ili malisho yaote tena, ndiyo hazina ya kazi hii. Mradi wa HASHI, ulioendeshwa kuanzia mwaka 1986 hadi 2004 wakati Bariadi ikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, ulizifufua ngitili nyingi. Kijiji kinacholinda ngitili yake kinalinda malisho, kuni na vikapu kwa pamoja. Kinacholima kila kipande hadi ukingoni kitanunua hata ufagio.

Suala la soko linahitaji tahadhari. Mara nyingi kikundi cha wanawake kinapoanza kusuka, hutokea mshauri wa kuwaambia watengeneze vikapu 500 vya aina moja kwa ajili ya watalii. Vikapu vinatengenezwa, watalii hawaonekani, na wanawake wanarudi nyumbani wakiamini kwamba kusuka hakulipi. Kosa halikuwa kusuka. Kosa lilikuwa kuanza na mnunuzi wa mbali ambaye hakuna aliyewahi kuzungumza naye.

Mafanikio ya wengine yanafundisha hivyo. Vikapu vya Iringa vinavyosukwa na wanawake wa Kihehe kwa milulu vilikuwa vyombo vya jikoni kwao kabla havijapelekwa Ulaya. Nchini Rwanda, agaseke kilikuwa kikapu cha zawadi za harusi muda mrefu kabla ya mwaka 2005, kilipoanza kuuzwa katika maduka ya Macy's nchini Marekani. Katika mifano yote miwili kitu kilipendwa kwanza nyumbani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Somo jingine lilitoka hapahapa nchini. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, ilitarajiwa kwamba kikapu kingerudi sokoni kwa kishindo. Sehemu kubwa ya nafasi hiyo ilichukuliwa na mifuko mbadala ya viwandani, kwa kuwa mwenye duka alitaka mizigo mingi, ya kipimo kimoja, leo hii. Msusi wa kijijini hawezi kushindana na kiwanda kwa wingi wala kwa bei. Anachoweza kushinda nacho ni uzuri, uimara na hadithi ya mahali kilikotoka.

Kwa mantiki hiyo njia iliyo salama ni ya hatua kwa hatua. Mwaka wa kwanza familia ipambe nyumba yake, na faida ihesabiwe kwa fedha ambazo hazikwenda mnadani. Mwaka wa pili itengeneze kwa ajili ya majirani na maharusi walioona na kuuliza. Baada ya hapo kikundi kinaweza kupeleka kazi chache zilizo bora kwenye viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, vilivyowahi kubeba maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane kuanzia mwaka 2018 hadi 2020, au Lamadi, karibu na lango la Ndabaka ambako watalii wa Serengeti hupita.

Halmashauri ya Itilima nayo ina sehemu yake. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, isiishie kwenye bodaboda na kuku tu. Mkopo mdogo wa rangi, sindano na uzi, unaotolewa Juni na kurejeshwa Desemba, unakwenda sawa na msimu wenyewe. SIDO, iliyopo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, inaweza kusaidia katika ubora na vipimo. Shule za msingi zinaweza kuwaalika mabibi wafundishe, kwani hao ndio walimu waliobaki.

Jambo la mwisho linahusu mfuko wenyewe. Fedha za pamba katika kaya nyingi hupokelewa na baba, na mama huomba sehemu yake. Fedha ya kikapu kwa kawaida huanzia mkononi mwa aliyekisuka. Inaweza kuwa ndogo, lakini ndiyo inayonunua daftari mwezi Januari bila kusubiri bei ya pamba kutangazwa. Baba anayeihesabu kuwa ni mapato ya shamba, na kuiacha pale ilipo, atakuwa amefanya uamuzi mzuri wa kiuchumi kuliko kuuza mbuzi kila shule zinapofunguliwa.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Walikuwa wakisema juu ya mkeka, na Migato ya leo msala huo unapita juu ya pikipiki ya mchuuzi, ukiwa wa plastiki. Kiangazi kijacho, kabla ya kuhesabu noti mbele ya turubai, kila kaya itazame kwanza pembezoni mwa shamba lake. Huenda pambo linalotafutwa limekwisha kuota.