Usiuze Shamba kwa Ajili ya Unga wa Moyo

Nimetumiwa tena lile tangazo: unga wa "seli shina" unaofufua moyo uliokufa baada ya mshtuko wa moyo. Aliyenitumia ni ndugu yetu wa kwaya. Ndugu, nakupenda, lakini hapana.

Mwaka 2001 watafiti wa Marekani, Piero Anversa akiwemo, walitangaza kwamba seli za uboho zimejenga upya misuli ya moyo wa panya. Dunia ikapiga makofi. Wengine wakarudia jaribio, hawakuona kitu. Mwaka 2018 chuo cha Harvard na hospitali ya Brigham, alikohamia baadaye, wakaomba makala 31 za maabara yake ziondolewe majaridani. Data za uongo! Hao ni maprofesa. Sembuse muuza chupa wa WhatsApp?

Utafiti wa kweli unaendelea na siupingi. Luka alikuwa tabibu. Lakini msuli wa moyo ukifa huacha kovu, na zile tembe za hospitali zinalinda sehemu iliyobaki. Juzi usiku mama mmoja alinipigia akilia: mumewe ameacha tembe kwa sababu ya unga huo, na sasa wanatafuta mnunuzi wa shamba. Someni Marko 5. Yule mwanamke alimaliza mali yote na hali ikazidi. Yesu hakumtoza hata shilingi.

Jumapili tutaombea wagonjwa kama kawaida. Njooni mkiwa mmemeza dawa zenu. Na unga ule usiuzwe tena kwenye uwanja wa kanisa hili.