Sega Ilitoka kwa Kumbi za Gemu Japani, Sasa Gemu Zenyewe Zinaenda Wapi?

Cheki hii maneno. Desemba 2020, corona ikiwa imekausha biashara, Sega iliuzia Genda asilimia 85.1 ya kampuni yake ya kumbi za gemu Japani. Januari 2022 Genda ikabeba ile 14.9 iliyobaki, na jina la Sega likaanza kushushwa kwa mabango. Siku hizi ni GiGO.

Wengi waliliwaza bango. Noma iko kwa mashine: ikizeeka ama ukumbi ukifungwa, gemu inahamia wapi?

Kuna zilizojipanga mapema. Dance Dance Revolution ya Konami ilitoka 1998, na 1999 ikafika PlayStation na mkeka wake wa kukanyaga. Taiko no Tatsujin ya Namco, ile ya kupiga ngoma, ilianza 2001, na 2002 ikawa PlayStation 2.

Zingine ziliachwa kwa mataa. Tetris The Grand Master ya Arika ni ya 1998. Spidi ikipanda mwisho, kipande kinatokea tayari kiko chini. Ile ya kwanza ilifika Switch na PS4 Desemba 2022. Miaka 24, msee!

Ukweli, keja haiwezi kuleta kila kitu. Mbogi ya kukushangilia haiko, na ngoma ukiipiga saa sita usiku jirani atakugongea ukuta. Lakini heri hiyo kuliko gemu kudedi na mashine yake. Kampuni zenye gemu bado zimefungiwa kwa mashine zisingoje miaka 24 tena.