Jina lako ni nani, Mama?

Sisi wa Mbuba hatujazoea kuzungumza habari za wasanii. Kazi ya mikono tunayoijua ni mikeka na vikapu. Lakini picha za kazi ya Lubaina Himid zilitufikia, na ubishi haujaisha hadi leo.

Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake, Mkomoro, alifariki yeye akiwa bado mchanga, na mama yake, Mwingereza, akarudi naye kwao. Mwaka 2017, akiwa na miaka 63, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Turner huko Uingereza.

Kazi tuliyoiona ni ya mwaka 2004, nayo inaitwa Naming the Money. Ni sanamu 100 za mbao zilizochorwa, kimo cha mtu mzima, nawe unapita katikati yake. Ni Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya wakubwa wa Ulaya: wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, hata wafunza mbwa (hapo tulicheka sana). Mgongoni kila mmoja ana karatasi. Anataja jina lake halisi, jina alilobandikwa na bwana wake, kazi aliyofanya kwao na anayofanya sasa, kisha kile kilichomsalia.

Wengine wetu walisema mambo hayo ni ya Ulaya, hayatuhusu. Ndipo mwenzetu akauliza, "Na karatasi yangu mimi ingeandikwa nini?" Kumbe jirani zake wa miaka mingi wanamjua kwa jina la mtoto wake tu.

Hatusemi kuitwa Mama Fulani ni utumwa. La! Ni heshima, na wako kati yetu waliolililia jina hilo miaka mingi. Mtumwa alinyang'anywa jina, sisi tuliongezewa. Lakini jina la heshima halitoshi kwenye hati ya shamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na hati ya hakimiliki ya kimila yaweza kubeba majina ya mume na mke. Migomba tunaipalilia sisi. Siku ya msiba ndugu wa mume huja kuuliza shamba ni la nani.

Basi Baba wa nyumbani akienda ofisi ya kijiji, mwombe kwa upole mwende wawili, ukaseme jina ulilopewa na wazazi wako, liandikwe.