Kuongeza Nguvu ya Injini: Kalamu Itangulie Spana

Gari la michezo aina ya Datsun 240Z, lililotolewa na kampuni ya Nissan ya Japani mwishoni mwa mwaka 1969, si geni kwa watu wa Afrika Mashariki. Ndilo lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Leo magari hayo yametimiza zaidi ya nusu karne, na wale wanaoyatunza katika nchi mbalimbali hukabiliwa na swali moja: injini yake iongezwe nguvu kwa njia gani? Kwa maoni yangu swali hili aghalabu hujibiwa vibaya, kwa kuwa tamaa hutangulia hesabu. Na hesabu yenyewe si ngumu. Mwanafunzi wa sekondari anaiweza.

Hatuna budi kuanza na kanuni. Injini ya petroli ni pampu ya hewa. Nguvu inayotoka ndani yake hutegemea mambo matatu tu: kiasi cha hewa kinachoingia katika silinda, idadi ya mizunguko kwa dakika, na sehemu ya joto inayogeuzwa kuwa kazi. Kila kifaa kinachouzwa madukani, kiwe kabureta, kemshafti au turbo, hugusa moja au zaidi ya mambo hayo. Kwa hiyo mnunuzi yampasa kwanza aulize: kifaa hiki chagusa lipi, na gharama yake ni nini?

Tuchukue jambo la kwanza. Injini ya asili ya gari hili, iitwayo L24, ina silinda sita. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 83, na mwendo wa pistoni ni milimita 73.7. Mwanafunzi akitumia kanuni ya ujazo wa mcheduara, kisha akazidisha kwa sita, atapata sentimita za ujazo 2,393. Nissan iliendelea kuikuza injini hiyo mpaka ikafikia L28, yenye kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa milimita 79. Ujazo wake ni sentimita 2,753, yaani ongezeko la asilimia 15. Hewa ikiongezeka kwa kiasi hicho, kani ya kuzungusha nayo huongezeka kwa kadiri iyo hiyo, bila kuilazimisha injini kwenda mbio zaidi.

Jambo la pili ni mizunguko. Hapa wengi huvutwa na kemshafti kali, inayoziacha valvu wazi kwa muda mrefu ili injini ipumue vizuri ikiwa mbioni. Lakini kani zinazoivuta pistoni na mkono wake huongezeka kwa mraba wa kasi. Tukiipandisha injini kutoka mizunguko 6,000 hadi 7,500 kwa dakika, kasi imeongezeka kwa robo, bali kani hizo zimeongezeka kwa asilimia 56. Isitoshe, kemshafti ya namna hiyo huifanya injini kuwa nzito katika mwendo wa pole, ambao ndio mwendo wa barabarani siku zote.

Nissan yenyewe iliijaribu njia hii. Katika gari lile lile, kwa soko la Japani, ilitoa toleo la Z432: valvu nne kwa kila silinda, kabureta tatu na kemshafti mbili. Injini hiyo ya lita mbili ilitoa nguvu za farasi 160 kwa mizunguko 7,000. L24, yenye kemshafti moja na kabureta mbili, ilitangazwa kuwa na takriban 150 kwa mizunguko 5,600. Tofauti ya nguvu ni ndogo. Tofauti ya vipuri, ya ufundi na ya gharama ni kubwa mno.

Jambo la tatu ni mgandamizo. Mgandamizo ukizidi, sehemu kubwa zaidi ya joto hugeuka kuwa kazi. Hata hivyo, kwa hesabu ya injini kamilifu, kuupandisha uwiano kutoka 9 hadi 10 huleta faida ya asilimia 3 hivi tu. Kwa upande wa pili, hatari ya injini kugonga huongezeka. Mchanganyiko wa petroli na hewa hujiwasha wenyewe kabla ya moto wa plagi kuufikia, na mishindo yake yaweza kuitoboa pistoni. Mwenye gari ambaye hana uhakika wa petroli bora kila aendako anauza usalama wa injini yake kwa bei ya asilimia tatu.

Uchaguzi wangu basi ni huu. Kwanza, injini iliyopo ipimwe mgandamizo silinda moja moja, kwani kumtwika mgonjwa mzigo si kumponya. Pili, kama nguvu zaidi yatakiwa, ifungwe L28 nzima iliyo katika hali njema, isiyotanuliwa. Ukoo wake ni ule ule, na hukaa mahali pale pale. Wapo wanaoitanua silinda yake hadi milimita 89 na kuitia krenki ya injini ya dizeli ya ukoo huo, yenye mwendo wa milimita 83, wakapata lita 3.1. Wakumbuke kwamba ukuta wa silinda umepunguzwa milimita moja na nusu pande zote, na bloku yenyewe ni nzee. Tatu, L24 ya asili isiuzwe. Ihifadhiwe, maana haitengenezwi tena.

Yuko atakayesema: kwa nini tusitie injini ya kisasa yenye turbo mbili, kama ile RB26 ya mwaka 1989, yenye nguvu za farasi 280? Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kwa mtu ashindanaye katika uwanja wa mbio ina maana. Lakini gia, difu, radieta na breki zote zitadai kubadilishwa. Nishati ya mwendo nayo hufuata mraba wa kasi: gari linalokwenda kilomita 140 kwa saa lina nishati karibu maradufu ya lile la kilomita 100, na breki ndizo zitakazoimeza. Anayenunua nguvu kabla ya breki amenunua ajali. Na akishabadilisha yote, atakuwa na bodi ya 240Z juu ya gari jingine.

Walimu wa fizikia na hisabati wanaweza kuyatumia maswali haya darasani, hata pasipo gari lolote la Japani mlangoni. Pikipiki ya kijijini au mashine ya kusaga yatosha: pimeni kipenyo na mwendo wa pistoni, tafuteni ujazo, kisha mwulizeni fundi kwa nini kikomo cha kasi ya injini kimewekwa pale kilipowekwa. Kijana anayeweza kulijibu swali hilo kwa kalamu hatadanganywa na tangazo la duka.