Ganzi ya Kemo Haifai Kufichwa

Kwenye mabenchi ya kusubiria kemo watu husaidiana kwa mengi: nauli, uji, sala na ushauri. Ushauri kuhusu ganzi na maumivu ya mikono na miguu hutolewa kwa upendo, na sehemu kubwa yake humdhuru anayeufuata. Nitayajibu madai yanayorudiwa zaidi, nikianza na lile linaloleta hasara kubwa kuliko yote.

“Vidole vikifa ganzi, ujue dawa inafanya kazi. Vumilia.” Si kweli. Paklitakseli, inayotumika sana kwa saratani ya matiti, na vinkristini, wanayopewa watoto wenye saratani ya Burkitt, hushambulia vijirija vilivyo ndani ya seli. Seli ya saratani huvihitaji ili igawanyike. Mshipa wa fahamu nao huvihitaji, kwa sababu ndiyo njia yake ya kusafirisha mahitaji kutoka karibu na uti wa mgongo hadi kwenye kidole gumba cha mguu, umbali wa takriban mita moja kwa mtu mzima. Njia hiyo ikivurugika, ncha za mbali hukosa chakula kwanza. Ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni na kwenye nyayo, ikapanda, kisha ikafika mikononi. Sisplatini na oksaliplatini hupitia kwingine: huumiza seli za hisia zenyewe, zilizo pembeni ya uti wa mgongo. Kwa dawa zote hizi kinachouma ni mshipa uliojeruhiwa, na maumivu yake hayakuelezi lolote kuhusu uvimbe. Wapo ambao uvimbe umesinyaa bila kuonja ganzi hata siku moja.

Hofu iliyojificha ndani ya dai hili naielewa. Mgonjwa anaogopa kwamba akisema, atapunguziwa dawa na saratani itamshinda. Lakini wakati wa kuiokoa mishipa ni huu huu, dripu zikiwa bado zinaendelea. Daktari anaweza kupunguza dozi, kuahirisha mzunguko, kubadilisha dawa, au kusimamisha moja na kuendelea na nyingine. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya majaribio yaliyounganishwa ya wagonjwa zaidi ya 12,000 wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha kufanyiwa upasuaji, yakilinganisha miezi 3 na miezi 6 ya tiba yenye oksaliplatini. Kati ya waliotibiwa miezi 6, karibu nusu walipata madhara ya mishipa ya wastani au makali. Kwa waliotibiwa miezi 3 ilikuwa kama mmoja kati ya sita. Baada ya miaka 3, waliokuwa hai bila saratani kurudi walikuwa asilimia 74.6 kwa tiba fupi na 75.5 kwa ndefu. Mwenye hatari ndogo ya kurudiwa na ugonjwa mara nyingi hutoshwa na ile fupi. Mwenye hatari kubwa huhitaji mazungumzo mengine. Daktari hawezi kuyaanzisha mazungumzo hayo kama hajui kwamba kwako kufunga vifungo vya shati sasa ni kazi.

Kwa hiyo sema, na sema kwa mambo ya kila siku. Kandambili inachomoka mguuni bila mimi kujua. Naangusha kikombe. Siwezi kuhesabu sarafu bila kuzitazama. Nashtuka usiku miguu ikiwaka moto. Maneno haya humsaidia daktari kuliko “najisikia vibaya kidogo”. Mtoto aliye kwenye vinkristini hatajua kusema ganzi. Mzazi atamwona akiburuta mguu, akijikwaa ngazini, akilalamika taya linauma au akikosa choo kwa siku kadhaa. Pia mzazi ataje kila dawa nyingine anayopewa mtoto, hasa itrakonazoli ya fangasi, maana huzuia mwili kuivunja vinkristini na kuifanya sumu yake kwa mishipa iwe kali zaidi.

“Kemo ikiisha, ganzi nayo itaondoka.” Kwa wengine ndiyo. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliojumlisha tafiti 31 ulikuta tatizo hili kwa asilimia 68 ya wagonjwa katika mwezi wa kwanza baada ya kemo, na bado kwa asilimia 30 baada ya miezi 6 au zaidi. Walio kwenye sisplatini na oksaliplatini wanapaswa kuambiwa jambo moja zaidi: ganzi inaweza kuendelea kuongezeka kwa miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Asiyeambiwa hivyo mapema hukesha akidhani saratani imerudi.

“Meza vitamini, haziwezi kukudhuru.” Kwetu dai hili lina mizizi. Wengi wameona mgonjwa wa kifua kikuu akipewa vitamini B6 pamoja na isoniazidi, na miguu yake ikapona kuwaka moto. Pale inafanya kazi kwa sababu isoniazidi huuvurugia mwili matumizi ya B6. Kemo haijeruhi mishipa kwa njia hiyo, na B6 ikimezwa kwa wingi kwa muda mrefu yenyewe husababisha ganzi. Vitamini E ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 200 na haikuzuia kitu. Kisa kinachoniuma zaidi ni cha asetili-L-kanitini, kirutubisho kinachouzwa kama chakula cha mishipa. Mwaka 2013 huko Marekani kilijaribiwa kwa wanawake 409 wenye saratani ya matiti waliokuwa wakipata dawa za jamii ya paklitakseli, kwa matumaini kwamba kingewakinga. Baada ya wiki 24, waliokimeza walikuwa na hali mbaya kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Watu hununua vitu hivi kwa pesa iliyokuwa ya nauli ya kliniki. Anayehitaji vitamini ni yule ambaye kipimo kimeonyesha anaikosa, kwa mfano B12 kwa mtu aliyemeza metformini ya kisukari kwa miaka mingi.

“Basi hakuna dawa kabisa.” Ipo moja yenye ushahidi wa kuridhisha, duloksetini, ambayo asili yake ni dawa ya sonona. Katika jaribio la wagonjwa 231 lililochapishwa mwaka 2013, asilimia 59 ya walioimeza walisema maumivu yamepungua, dhidi ya asilimia 38 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Nafuu yenyewe kwa wastani ni ndogo, na iko kwenye maumivu. Ganzi haiahidi kuiondoa. Mwongozo wa mwaka 2020 wa chama cha madaktari wa saratani wa Marekani unaitaja hiyo peke yake kwa maumivu haya. Mwanamke anayemeza tamoksifeni amwambie daktari kabla ya kuianza, kwa kuwa duloksetini inaweza kupunguza nguvu ya tamoksifeni. Duloksetini isichanganywe na tramadoli bila daktari kujua, wala isiachwe ghafla. Gabapentini na amitriptilini huandikwa sana kwa kuwa husaidia maumivu ya mishipa ya kisukari, lakini gabapentini ilipojaribiwa kwa wagonjwa 115 wa kemo haikushinda kidonge kisicho na dawa. Daktari akitaka kuijaribu, sioni ubaya, mradi kuwe na tarehe ya kutathmini. Zote mbili huleta usingizi na kizunguzungu, na mtu asiyeuhisi mguu wake akiwa na kizunguzungu huanguka.

“Loweka miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi.” Mguu uliokufa ganzi hauwezi kukuonya kwamba unaungua, na kidonda cha moto kwa mtu ambaye kemo imemshusha kinga ni hatari kubwa. Maji yawe ya uvuguvugu, yapimwe kwa kiwiko au na mtu mwingine. Vaa viatu vilivyofunika vidole hata ndani ya nyumba, na kagua nyayo kila jioni.

Kuhusu baridi watu huchanganya mambo mawili. Aliye kwenye oksaliplatini aikwepe: ndani ya saa au siku chache baada ya dripu, maji ya friji yanaweza kumfanya ahisi koo limebana, na vidole vikapigwa kama na umeme. Kwa paklitakseli mambo ni tofauti. Watafiti wa Japani mwaka 2018 waliwavisha wanawake glavu na soksi zilizogandishwa upande mmoja wa mwili wakati dripu ikiingia, na upande huo ukabaki na hisia zaidi kuliko mwingine. Jaribio lilikuwa dogo, na barafu huweza kuunguza ngozi, hivyo jambo hili lifanywe na wauguzi wanaolijua.

“Pumzika, usiichoshe miguu.” Wagonjwa 355 walioanza kemo waligawanywa, nusu wakitembea na kuvuta mikanda ya mpira nyumbani kwa wiki 6. Waliofanya mazoezi walipata ganzi na kuchonyota kwa kiasi kidogo kuliko wengine. Tembea asubuhi kwenye njia tambarare, na mtu kando yako kama unayumba.

Dai la mwisho ni hatari kuliko yote kwa mtu mmoja mmoja: kwamba kila ganzi ya mgonjwa wa saratani ni ya kemo. Ganzi ya kemo kwa kawaida huja pande zote mbili na kwa taratibu. Mguu unaoishiwa nguvu ghafla, maumivu mapya ya mgongo yanayozidi ukilala, kushindwa kuzuia mkojo au choo, ganzi katikati ya mapaja: hizi zinaweza kuwa dalili za uvimbe kukandamiza uti wa mgongo, na hapo saa chache huamua kama mtu atatembea tena. Usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mtu wa mapokezi aambiwe kwanza kabisa kwamba huyu ni mgonjwa wa saratani na miguu inaisha nguvu.