Risala ya Wagonjwa Waliodhurika kwa Makosa ya Kitabibu, Mkoa wa Rukwa, kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya







Mheshimiwa Waziri, sisi tuliosimama mbele yako tumetoka hapa Sumbawanga mjini, Laela, Matai, Namanyere na vijiji vya bonde la Ziwa Rukwa. Tulikwenda hospitali kutafuta tiba, tukarudi na madhara ambayo ugonjwa wenyewe haukuyaleta. Wengine wamekuja kwa niaba ya marehemu wao. Tumelivumilia jambo hili muda mrefu, kwa kuwa watu wa Ufipa tumelelewa kumheshimu mganga. Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomea udaktari Malta, aliwatibu watu wa Karema tangu 1889 hadi alipofariki 1956, na wazee wetu wanalitaja jina lake kwa heshima mpaka leo. Kwa hiyo hatukuja kumvunjia daktari yeyote heshima, wala hatuombi mtu afungwe. Tunajua wapo waganga wanaokesha peke yao zamu nzima, wodi imejaa, na asubuhi foleni inawasubiri. Tunachoomba ni kwamba kosa likitokea, aliyeumia asiachwe alibebe yeye na ndugu zake peke yao.

1. Kero yetu ya kwanza, na ndiyo inayotuuma zaidi, ni kutoambiwa ukweli. Mwenzetu mmoja alijifungua kwa upasuaji, na siku chache baadaye akaanza kuvuja mkojo bila kukoma. Aliambiwa ni hali ya uzazi, arudi nyumbani itakwisha. Haikwisha. Aliacha kwenda kanisani, akaacha kwenda mnadani, na mumewe akahamia kwa ndugu zake. Alipofika kwa mtaalamu mwingine ndipo alipojua kwamba ana fistula, kwamba kibofu kilijeruhiwa siku ile ya upasuaji, na kwamba ni tatizo linalotibika. Kumbe angeambiwa mapema, angetibiwa akiwa bado na nyumba yake.

Mheshimiwa Waziri, katika mkoa wetu ukimya huu una hatari nyingine, na tunaomba utusikilize hapa kwa makini. Kifo kisichoelezwa hutafutiwa mtu wa kulaumiwa. Familia ikirudi kijijini na jeneza bila maelezo, haupiti muda utasikia bibi wa jirani mwenye macho mekundu anatajwa. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote aliyopika. Wazee wameuawa katika nchi hii kwa tuhuma za namna hiyo. Daktari anapokaa kimya kujilinda, hajui ni nani kijijini atakayelipa kwa ukimya huo. Sisi tunajua, kwa kuwa tunaishi na wazee hao.

Tunaomba Wizara itoe waraka kwamba mgonjwa akidhurika au akifariki katika mazingira yenye mashaka, hospitali ikae na ndugu ndani ya siku saba, Afisa Ustawi wa Jamii akiwepo, iwaeleze kwa Kiswahili kinachoeleweka nini kilitokea, kisha iwape maelezo hayo kwa maandishi. Na daktari atakayesema ukweli au kuomba radhi asiadhibiwe kwa sababu ya kuusema.

2. Kero ya pili ni kumbukumbu za matibabu. Wengi wetu tulitibiwa kwa madaftari ya shule tuliyonunua dukani. Daftari likichukuliwa wodini, ndiyo basi. Tukiomba nakala ya faili, tunaambiwa ni mali ya hospitali, au halionekani. Bila karatasi hizo hatuwezi kuthibitisha hata kwamba tulilazwa. Sasa hospitali nyingi za serikali zinatumia mfumo wa kompyuta wa GoT-HoMIS, hivyo kutoa nakala si kazi kubwa tena. Tunaomba kila mgonjwa, au ndugu wa marehemu, apewe nakala ya taarifa zake ndani ya siku 14 tangu aombe, bila kuulizwa anataka kuipeleka wapi.

3. Kero ya tatu ni gharama. Aliyeumizwa ndiye anayelipia kurekebishwa kwa kosa alilofanyiwa. Akipewa rufaa ya Mbeya, safari ni zaidi ya kilomita 300, na anahitaji mtu wa kumuuguza, chakula, mahali pa kulala ndugu, vipimo na dawa. Mzee mmoja miongoni mwetu aliuza maksai wake wote ili kijana wake afanyiwe upasuaji wa pili, kuondoa kitambaa cha kufyonzea damu kilichosahauliwa tumboni kwenye upasuaji wa kwanza. Kijana amepona. Lakini msimu uliofuata familia ililima kwa jembe la mkono, ikavuna mahindi ya kula tu, na mtoto aliyechaguliwa kwenda sekondari hakupata hata sare. Hasara ya namna hii haiandikwi kwenye cheti chochote cha hospitali, ndiyo maana tunaisema hapa.

Lipo jambo la kuigwa. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam huwatibu bure akina mama wenye fistula, na kwa miaka mingi imekuwa ikiwatumia nauli kwa simu. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, lakini mama asiye na senti anaweza kufika. Tunaomba utaratibu huo utumike kwa kila aliyedhurika: hospitali ilikotokea madhara igharimie matibabu ya marekebisho, nauli na matunzo ya mgonjwa mara moja, kabla haijaamuliwa nani mwenye kosa. Uchunguzi unaweza kusubiri. Kidonda hakiwezi.

4. Kero ya nne ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Sheria yake ya mwaka 2017 inalipatia mamlaka ya kupokea malalamiko na kumwadhibu mtaalamu, hata kumfuta kwenye daftari la usajili. Tunaliheshimu Baraza. Ila mwananchi wa Kipeta au Wampembe hajui barua yake aianzeje, na daktari akipewa onyo, aliyekatwa mguu hapati hata gongo la kutembelea. Tunaomba malalamiko yapokelewe katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa, Baraza lije kuyasikiliza hapa Sumbawanga, na mlalamikaji apewe uamuzi kwa maandishi.

5. Kero ya tano ni njia ya mahakama. Tunaishukuru serikali kwa kuwa na Mahakama Kuu hapa Sumbawanga. Hata hivyo, anayetaka kuishtaki serikali lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na afungue shauri Mahakama Kuu, ambako bila wakili ni vigumu kusimama. Madai ya madhara yana ukomo wa miaka mitatu, na kitambaa kilichosahauliwa kinaweza kukaa tumboni zaidi ya muda huo bila mwenyewe kujua. Juu ya yote, mahakama inahitaji daktari aeleze kosa la daktari mwenzake, na katika mkoa mmoja wote wanafahamiana. Hatuwalaumu kwa kusita.

Tunaomba muda uhesabiwe tangu siku mgonjwa alipotambua madhara. Wizara iandae orodha ya mabingwa kutoka mikoa mingine watakaotoa ushahidi kwa gharama ya serikali. Na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wafundishwe mashauri haya.

6. Ombi la sita ndilo kubwa. Mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa, na mgonjwa wa kichwa akapasuliwa goti, naye baadaye akafariki. Nchi nzima ililia. Lakini mpaka leo hatuna mfuko wa kumlipa mgonjwa aliyedhurika. Mfanyakazi akiumia kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamlipa bila kumtaka athibitishe uzembe wa mwajiri. Abiria akiumia barabarani, ipo bima ya lazima ya gari. Anayeumizwa akiwa amelala chini ya nusu kaputi, asiyeweza hata kukimbia, ndiye hana chake.

Majirani zetu wameanza kufika huko kwa njia ya mahakama. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma, Kenya, iliamuru mama aliyejifungulia sakafuni na kupigwa na wauguzi alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya. Mwaka 2020 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamuru familia za akina mama wawili waliofia hospitalini wakati wa kujifungua zilipwe fidia. Mbali zaidi, New Zealand ilianzisha mfuko wa ajali mwaka 1974, na leo mgonjwa aliyedhurika na matibabu hulipwa humo bila kwenda mahakamani. Tanzania haina haja ya kusubiri hukumu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na sisi tutachangia kama wenzetu. Tunaomba sehemu ndogo ya michango hiyo itengwe kuwa mfuko wa fidia kwa wagonjwa, wenye kamati kila mkoa, ambamo wawakilishi wa wananchi watakuwemo na viwango vya malipo vitabandikwa ukutani hospitalini.

Mheshimiwa Waziri, pamoja na risala hii tunakukabidhi maelezo ya kila mmoja wetu, yakiwa na saini au dole gumba. Tunaomba majibu yapitie kwa Mkuu wa Mkoa, nasi tutakuja kuyachukua.