Msamaha wa kodi ya ardhi usifike madukani

Kifungu cha 209 cha Katiba kinaziruhusu kaunti kutoza kodi ya mali, mojawapo ya mapato machache yasiyosubiri Hazina ya Kitaifa. Hapa Nairobi hutozwa kwa thamani ya kiwanja, si ya jengo. Kiwanja kikisamehewa, pengo hubebwa na majirani, au huduma zinakosekana.

Sipingi msamaha kwa nyumba za ibada, shule na hospitali za misaada. Zahanati inayomtibu asiye na kitu inaipunguzia kaunti mzigo mkubwa. Kinachoniuma ni ninachokiona mtaani kwetu. Taasisi moja ya hisani imejenga vibanda vya kupangisha vinavyotazama barabara: duka la vifaa vya ujenzi, kinyozi, wakala wa M-Pesa. Siku za kazi ua wake ni maegesho ya kulipia. Wapangaji wanailipa taasisi. Kaunti haipati kitu. Ng'ambo ya barabara, mama mjane mwenye kiwanja kidogo anadaiwa kodi pamoja na riba. Wote wanatumia mtaro mmoja, nao umeziba tangu mvua za masika.

Sehemu inayoingiza pesa itozwe, ya ibada na tiba iachwe. Na kaunti ichapishe kila mwaka orodha ya viwanja vilivyosamehewa, thamani yake na kiasi kilichoachwa. Wawakilishi wetu wa wadi waidai orodha hiyo kabla ya kupitisha Mswada wa Fedha.

Mkazi, Nairobi